Mtaa wa Mia na Ishirini na Tisa

Habari hii aliileta Mbwarali mwenyewe, na wanaomjua wanasema hana tabia ya kuongeza chumvi mahali pengine ila jikoni. Yeye ni fundi wa meza za snuka. Hung'oa kitambaa cha kijani kilichochakaa, hutandika kipya, hukipigilia pembeni, kisha huweka pima maji juu ya meza na kuinama kulitazama lile povu mpaka litulie katikati. Katika kazi hiyo hajapata kukosolewa, na akikosolewa hasikii. Basi akaitwa kwenda kutandika meza katika nchi ya Mifukosita. Alivyokwenda si habari. Alifika.

Juu ya lango la nchi ile palichongwa maneno haya, na wageni wote husimamishwa chini yake mpaka wayasome kwa sauti:

*Subirini kwa adabu, zamu yenu inakuja,*
*Droo haina ghadhabu, hupangwa hoja kwa hoja.*

Mbwarali akasoma. Afisa wa lango akamsifu kwa matamshi, kisha akamwuliza nafasi yake.

"Nafasi ya nini?"

"Nafasi yako katika orodha. Wewe ni wa ngapi?"

Mbwarali akajibu kwamba kwao yeye ni wa kwanza kwa kutandika meza. Afisa akaandika: *Hana.*

Ndipo alipoelezwa mambo ya nchi. Mifukosita ina mitaa mia na ishirini na minane, na kila mtaa una mchezaji wake mmoja wa snuka. Kwa mujibu wa sheria, wachezaji hao hushindana kila mwaka kwa mtoano katika Ukumbi Mkuu, na matokeo yao ndiyo huandika orodha ya nchi. Kutokana na orodha hiyo hujulikana mtaa upi unyolewe kwanza na kinyozi, upi ukae mbele arusini, upi uamkiwe na upi uamkie. Hata hospitalini, mgonjwa wa mtaa wa nane huingia moja kwa moja kwa daktari, lakini mgonjwa wa mtaa wa mia na kumi sharti apite kwanza kwa mganga msaidizi, kisha kwa msaidizi wa msaidizi, na akiwa bado anaumwa baada ya hapo huhesabiwa kuwa amefuzu.

Zaidi ya yote kuna maji. Birika la nchi hufunguliwa alfajiri kwa mtaa wa Nambari Moja. Ukishiba, hufunguliwa kwa mtaa wa pili, kisha wa tatu, hivyo hivyo mpaka jua linapozama, ndipo hufungwa. Mtaa wa mia na ishirini na nane haujapata kufikiwa na zamu kabla ya jua kuzama, ila siku za mvua kubwa, ambazo watu wa mitaa ya juu hawana haja ya maji.

"Na mashindano ya mwisho yalichezwa lini?" Mbwarali akauliza.

"Miaka kumi na mmoja iliyopita," akajibu afisa. "Tangu hapo tunajadili droo, nani aanze na nani."

Mgeni asiye na nafasi hulazwa mkiani. Mbwarali akapelekwa Mtaa wa Mia na Ishirini na Nane, nyumbani kwa mwanamke mmoja mtu mzima aitwaye Bi Mwanaheri, ambaye binti yake, Sihaba, ndiye mchezaji wa mtaa. Alipoomba maji ya kunawa vumbi, Sihaba alimletea kikombe kimoja, akasimama mbele yake kungoja arudishiwe kikombe na kilichosalia. Maji yale, akaelezwa, yametoka mtoni, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na aliyeyachota ni Bi Mwanaheri, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limevimba likawa kama boga. Mbwarali akanawa vidole viwili, akarudisha.

Uani palikuwa na mlango mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, umefunikwa blanketi, na kwenye pembe zake zimening'inia soksi. Hapo ndipo Sihaba alipofanyia mazoezi kwa mipira ya mti aliyoichonga mwenyewe. Mtaa ulimteua akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka uleule mjadala ulipoanza. Sasa alikuwa na thelathini. Hakuwa amecheza na mtu hata mara moja. Mbwarali alimtazama akitumbukiza mipira tisa mfululizo ndani ya soksi, akakohoa kidogo, akasema si vibaya.

"Fundi, wewe nawe unacheza?" Sihaba akauliza.

"Kwetu wakiniona nimeshika fimbo huondoka."

"Kwa woga au kwa kuchoka?" akauliza Bi Mwanaheri kutoka jikoni.

Asubuhi ya kwanza Mbwarali akaingia Ukumbi Mkuu. Palikuwa na meza moja katikati, kitambaa chake kimeliwa na nondo mpaka likaonekana jiwe la meza chini yake. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wa mti mweusi, umechongwa vishimo mia na ishirini na vinane vya kutilia majina, na kutoka katika vishimo hivyo mistari iliyokutana miwili miwili, ikapungua, ikapungua tena, mpaka ikabaki mmoja uliopakwa dhahabu. Wenyeji walisimama mbele ya ubao ule kama watu wengine wasimamavyo mbele ya bahari. Na upande wa kulia vilikaa viti kumi na sita vyenye mito minene, na katika viti hivyo walikaa wachezaji kumi na sita wa kwanza, ambao ndio Baraza la Droo.

Mbwarali akafanya kazi huku akisikiliza, kwa kuwa mjadala haukusimamishwa kwa ajili ya nyundo.

Kulikuwa na vyama viwili. Chama cha Ngazi kilitaka wachezaji wadogo waanze wao kwa wao, raundi baada ya raundi, na wakubwa kumi na sita waingie mwishoni, hali wamepumzika. Chama cha Wote-Pamoja kilitaka wote waanze raundi ya kwanza siku moja. Watu wa Ngazi walijenga nyumba zenye vidaraja hata pasipo na haja ya kupanda, na mposaji katika nyumba zao hakuweza kumwona baba mkwe kabla ya kuwashinda mjomba, ami na shemeji. Watu wa Wote-Pamoja walikula kwa kipenga, watu wote mkono ndani ya sinia kwa wakati mmoja, na wengi walikuwa na makovu ya vidole.

Msemaji wa Ngazi akasema umma huja kuwatazama wakubwa. Nambari Moja akikutana na mtu wa mia na ishirini na nane siku ya kwanza, akateleza, siku ya mwisho watu watamtazama nani? Mtu mmoja wa Wote-Pamoja akajibu kwamba watamtazama yule aliyemshinda. Jibu hilo likaonekana halina adabu, likafutwa kwenye kumbukumbu, na mwenyewe akaomba radhi.

Mwaka wa nne wa mjadala likatolewa shauri jambo lenyewe liamuliwe kwa kura ya kuchovya mkono mfukoni. Likazuka swali la majina ya wachovyaji yapangwe vipi: yote pamoja au kwa ngazi. Hilo ndilo lililokuwa likijadiliwa mpaka siku ile Mbwarali alipokuwa akipigilia.

Katika kiti cha kwanza alikaa Mwinyi Shaali, Nambari Moja, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye fimbo yake ya kuchezea ilishikwa na mtumishi aliyesimama nyuma, na mtumishi huyo naye alikuwa na kiti. Hakuwa wa Ngazi wala wa Wote-Pamoja. Kila mara pande zote mbili zilipokaribiana, aliinua kidole na kusema, "Jambo hili halitaki haraka." Kisha huletwa chai.

Mbwarali akamwuliza karani wa Baraza, Karani Dunga, mtu mkavu mwenye mihuri mitatu kiunoni, iwaje matokeo ya miaka kumi na mmoja iliyopita yaendelee kugawa maji. Karani akasema kitabu cha sheria kiko wazi: matokeo hudumu miaka miwili. Lakini hayafutiki yenyewe tu. Hufutika siku yanapoandikwa matokeo mapya, na kwa kuwa hakuna mapya, ya zamani yapo, yanawangoja wenzao.

"Na mkiandika hata moja?"

"Hatuwezi kuandika moja," Karani akasema, kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto. "Hakuna droo."

Siku ya pili kitambaa kilikuwa kimetandikwa, kikabaki kipimo cha mwisho. Mbwarali akafungua mkoba wake. Pima maji hakuiona. Akautoa mkoba wote nje, akaukung'uta, akarudi nyumbani kwa Bi Mwanaheri, akapekua chini ya kitanda na ndani ya viatu vyake. Siku ya tatu nzima aliitafuta. Bi Mwanaheri alimsaidia kwa bidii kubwa, akitazama hata ndani ya chungu cha maharage, na kila mara akimwambia, "Pole mwanangu, vitu vidogo vina miguu."

Jioni ile Baraza likatuma mtu kuuliza kama meza iko tayari. Fundi mwingine angesema kipimo kimepotea. Mbwarali alirudi ukumbini, akafumba jicho moja, akainama, akatia kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja wa meza, akatangaza mbele ya watu kumi na sita kwamba meza hiyo ni sawa kama maji ndani ya bakuli, na kwamba macho yake hayajapata kudanganya.

Asubuhi ya nne alikuwa amefunga mkoba wake aondoke. Akamkuta Karani Dunga mlangoni, uso umemgeuka kijivu.

Sheria ya Mifukosita inasema mgeni aliyetimiza siku tatu kamili nchini si mgeni tena. Na kwa kuwa hana mtaa, huhesabiwa kuwa mtaa. Tangu alfajiri ile, Mbwarali alikuwa Mtaa wa Mia na Ishirini na Tisa, wenye mkazi mmoja, nyundo moja na mchezaji mmoja, ambaye pia ni yeye.

Ukumbi ulifadhaika kama nyumba iliyoingiliwa na ng'ombe. Watu walikwenda wakautazama ubao wao. Mia na ishirini na nane hugawanyika kwa mbili mpaka kufikia mmoja bila kubakiza kitu. Ubao wote ulichongwa kwa imani hiyo. Mia na ishirini na tisa haigawanyiki hata mara moja. Mzee mmoja wa kiti cha kumi na mbili alilia. Mwingine akashauri Mbwarali afukuzwe, lakini kitabu kilisema aliyekwisha kuandikwa haondoki ila kwa kushindwa. Mwingine akashauri pachongwe kishimo kimoja pembeni, na huyo akaombwa atoke nje.

Hapo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika miaka kumi na mmoja: Ngazi na Wote-Pamoja wakakubaliana. Wa mwisho wawili wacheze fremu moja, mchezo mmoja tu, leo hii. Atakayeshindwa aondolewe ubaoni, ubao upate kuwa kama ulivyokuwa, na mjadala uendelee kwa utulivu. Mwinyi Shaali mwenyewe aliinua kidole, watu wakangoja, naye akasema, "Hili linataka haraka."

Mbwarali aliwaza akiwa njiani kurudi mkiani. Atakayeshindwa huondolewa. Yeye akishindwa atakwenda kwao, ndiko atakako. Lakini akishinda atachukua kishimo cha Sihaba, na mtaa wa Sihaba hautakuwamo tena ubaoni, si mwisho wala popote. Maji hata ya siku ya mvua hayatawahusu. Jambo lilikuwa jepesi. Aliingia uani akamwambia Sihaba asiwe na wasiwasi.

Sihaba alikuwa akipaka fimbo yake chaki. Hakuinua kichwa.

"Kaka Mbwarali, ukinipa mchezo nitajua."

"Nani kasema nitakupa?"

"Umeingia na uso wa mtu anayetoa sadaka. Nimengoja miaka kumi na mmoja nicheze na mtu. Usinichezee kama maiti. Nikishindwa nimeshindwa, tutahamia mtoni."

Bi Mwanaheri akapita na ndoo tupu, akichechemea. "Cheza mwanangu, cheza," akamwambia Mbwarali. "Unavyojisifu, nami nataka kuona."

Na hilo la mwisho ndilo lililomwingia Mbwarali moyoni kuliko yote.

Walianza saa nne asubuhi. Wale kumi na sita walivigeuza viti vyao kidogo, si sana, kwa kuwa ulikuwa mchezo wa mkiani. Refa alikuwa mtu wa makamo aliyerithi kazi kwa baba yake na hakuwa amewahi kuifanya. Alivaa glavu nyeupe, akasahau kuzivua akala nazo sambusa.

Sihaba alianza, akatumbukiza mwekundu, akatumbukiza wa buluu, akatumbukiza mwekundu mwingine. Wa nne akaukosa. Akazunguka meza, akainama tena kupiga.

"Dada," Mbwarali akasema, "zamu yangu."

Sihaba akainuka, akamtazama. "Zamu yako ya nini?"

Hakuwa akitania. Tangu ujana wake alikuwa akikosa na kuendelea, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpisha. Refa akapekua kitabu, akathibitisha kwamba mchezaji akikosa hukaa. Pakatafutwa kiti, pakawa hapana kiti cha wachezaji; viti vyote vilikuwa vya Baraza. Sihaba akasimama ukutani, ameishika fimbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akaona mtu mwingine akicheza. Mbwarali anasema alimwona akitabasamu, na kwamba tabasamu lile lilimharibia mipigo miwili.

Wakaenda hivyo, mmoja akipita mbele, mwingine akimfuata. Mbwarali hakuwa mwongo, alijua kucheza. Kufikia saa sita Baraza lote lilikuwa limegeuza viti, na mtumishi wa Mwinyi Shaali, bila kujijua, alikuwa akiipaka chaki fimbo ya bwana wake. Mezani ulibaki mpira mmoja, ule mweusi wenye pointi saba. Mbwarali alikuwa mbele kwa pointi tano. Atakayeutumbukiza ndiye mshindi, na zamu ilikuwa yake.

Mweusi ulikuwa shubiri mbili tu kutoka mfuko wa kushoto. Ni mpira ambao Mbwarali huutia akiwa anazungumza na mtu mwingine.

Akainama. Analisimulia jambo hili bila kujificha: aliukumbuka mtaa, akalikumbuka goti la Bi Mwanaheri, akakikumbuka kile kikombe. Kisha akawaona watu kumi na sita wenye mito, nyuma yao mwanamke mwenye ndoo aliyetaka kuona, akajisikia kwamba hawezi kuukosa mpira ule mbele ya watu wale hata kama angelipwa nchi. Akapiga. Alipiga sawasawa, kwa kiasi chake, kama alivyotaka. Mpira ukaenda, ukaenda, na ulipokaribia mfuko ukapinda upana wa ukucha, ukagonga ukingo, ukakaa mdomoni.

Meza ilikuwa imeinama.

Alijua palepale. Kile kipande cha karatasi kilikuwa kimezidi, na jicho lake lilikuwa limedanganya. Alifungua kinywa kulalamika, akalikumbuka lile bakuli la maji alilolitangaza, akakifunga.

Sihaba akatoka ukutani, akautia mweusi kwa mpigo mdogo kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Karani Dunga akatoa mihuri yake yote mitatu. Alikuwa mtu mwenye furaha: miaka kumi na mmoja hakuwa ameandika matokeo. Akaandika: *Sihaba, Mtaa wa 128, mshindi. Mbwarali, Mtaa wa 129, ameshindwa, nusu ya pointi kwa kushiriki.* Akapiga muhuri. Kisha, kwa kuwa kitabu humtaka karani asome kwa sauti kifungu kinachofuata kila muhuri upigwapo, akasoma:

"Kwa kuandikwa matokeo haya, matokeo yote yaliyozidi miaka miwili yamefutika."

Akasita. Akakisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Watu wakamwona akiinua macho kuviangalia vile viti.

"Endelea," akasema Mwinyi Shaali.

"Nambari Moja," akasema Karani kwa sauti ndogo, "ni Sihaba. Nambari Mbili ni fundi. Wengine hawana pointi. Wengine wote, waheshimiwa, hawana nafasi."

Nyuma ya ukumbi Bi Mwanaheri aliigeuza ndoo yake, akaikalia. Mbwarali akamtazama na kulijua jambo lote kwa mara moja: zile siku tatu, ile bidii ya kutafuta, kile chungu cha maharage. Yule mama alikuwa amekisoma kile kitabu miaka mingi nyuma, na alichokosa ni mgeni wa kumchelewesha.

Saa saba birika likafunguliwa kwa Mtaa wa Mia na Ishirini na Nane. Maji yakaja kwa nguvu wasiyoizoea, yakabeba kuku wawili. Watu walifua kila walichokuwa nacho, hata vilivyokuwa safi. Mtu mmoja akaoga mara nne akalala.

Na ukumbini, mjadala wa miaka kumi na mmoja ulikwisha kabla ya chai. Mwinyi Shaali, aliyekuwa na familia kubwa na bustani, alisimama mwenyewe, akasema kwa machozi kwamba watu wote huzaliwa sawa, na kwa hiyo wote waanze raundi ya kwanza, kesho asubuhi, na kama kesho ni mbali basi leo. Ngazi nzima ikampigia makofi. Wakaonekana wazee wakitafuta fimbo zao stoo. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa zikabaki chaki tu.

Lakini droo sharti ikubaliwe na Nambari Moja. Ujumbe ukamwendea Sihaba, naye akaletwa ukumbini na watu wa mtaa wake, nguo zao zingali mbichi. Akapewa kiti cha kwanza. Akakaa, mto ukazama chini yake taratibu. Watu wa mkiani wakamzunguka, na Mbwarali akawasikia kwa masikio yake wakisema kwamba kwa kweli Ngazi, ukiitazama vizuri, ina hekima yake. Kwamba aliye juu hastahili kusumbuliwa na kila mtu. Kwamba hata blanketi bado halijakauka.

 Sihaba akainua kidole, si sana.

"Jambo hili," akasema, "naona halitaki ha..."

"Inuka hapo," akasema Bi Mwanaheri.

"Mama, nafikiri tu."

"Si wewe unayefikiri, ni mto. Nami nimeukalia mchana, wewe ulipokuwa nje, nikajikuta nataka kuahirisha chakula. Inuka, mwanangu. Ulisema umengoja ucheze na mtu. Umecheza na mmoja tu."

Sihaba akatazama meza. Mbwarali anasema hapo alimwona akilirudia lile tabasamu la ukutani. Akainuka, akauchukua mto, akampa yule mzee aliyelia, akasema jina lake nalo litiwe mfukoni pamoja na majina mengine yote, na pasiwe na la juu wala la chini. Watu wa mtaa wake waliguna. Mmoja akaanza kutaja birika. Bi Mwanaheri akamtazama, naye akakumbuka ana nguo za kuanika.

Achovye nani? Kwa jambo hilo mjadala ulitaka kuanza upya, mtu wa Ngazi alishapanda juu ya kiti, lakini Sihaba akamwonyesha Mbwarali. Yeye alikuwa ameondolewa ubaoni, hana mtaa wala jamaa, na mkono wake ulikuwa mweupe kwa chaki. Mbwarali akatia mkono mfukoni, akatoa la kwanza: Sihaba. Akatia tena, ukumbi mzima ukivuta pumzi, akatoa la pili.

Mwinyi Shaali alilipokea jina lake kwa heshima. Akageuka nyuma kumwomba mtumishi fimbo, akaishika kwa upande usiofaa, akaigeuza.

Mbwarali akafunga mkoba akaondoka, kwa kuwa mtu aliyepata bahati ya kutolewa Mifukosita hangoji kuandikwa upya. Alikuwa amekaribia lango aliposikia mtu akimwita. Ni Bi Mwanaheri, akichechemea, na mkononi ana ndoo imejaa mpaka ukingoni.

"Maji ya Nambari Mbili," akasema. "Ni haki yako mpaka fremu ya pili ya leo iandikwe."

Mbwarali akanawa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, na uso, na shingo. Alipoinua kichwa, Bi Mwanaheri alikuwa akimpa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Hakuhitaji kukifungua. Alikigusa kile kioo kidogo kwa kidole.

"Mama, meza ile haiko sawa," akasema. Na kwa Mbwarali kulitamka neno hilo ilikuwa kazi kuliko safari yote. "Imeinamia kushoto. Niache nirudi niitengeneze kabla hawajaanza."

"Najua imeinama. Niliiona pale mweusi wako ulipokwenda kuchungulia shimo usiingie."

"Basi Sihaba naye anajua. Mwinyi Shaali hajui. Hiyo si haki."

"Amekaa ubavuni mwa meza hiyo miaka kumi na mmoja, baba. Leo atainama aiangalie." Akamwaga maji yaliyosalia juu ya goti lake, akafumba macho kwa raha. "Akikosa mara mbili tatu, naye atajua. Wewe nenda."

Mbwarali akasimama chini ya lile lango lenye maneno, kipimo mkononi, hajui aende au arudi. Na alipokuwa bado amesimama, kutoka ukumbini, mbali, likaja kwa mara ya pili siku ile, na ya pili katika miaka kumi na mmoja, lile pigo kavu la mpira mweupe ukivunja safu ya mipira myekundu. Halafu kimya. Halafu sauti ya upole ya mtu mnene, ikiuliza:

"Sasa ni zamu ya nani?"